Dawa ya Mchwa ya Kumwaga Kwenye Udongo: Kabla Hujanunua Pima Ukuta

Chupa niliyonunua ilikuwa ya mililita 100, juu imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inamaliza mchwa, na muuzaji akaniambia dada hii unazungushia nyumba nzima kazi imekwisha. Nikaichanganya kwenye pampu ya mgongoni nikapuliza chini ya kuta zote mpaka ikaisha, nikalala usingizi mzuri kabisa. Miezi 5 baadae nasogeza kabati la nguo naona njia ya udongo imepanda kutoka pembe ya sakafu mpaka kwenye fremu ya mlango. Nikaigusa fremu kwa kidole, kidole kikazama. Mbao ndani hamna, imebaki rangi tu ndo imesimama.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba dawa haikuwa feki. Ilikuwa fipronil halisi, gramu 50 kwa lita, ni sumu ya mchwa inayojulikana. Shida ilikuwa kiasi, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndo kitu ambacho karibu kila mtu anaeniandikia kuhusu mchwa hajakiangalia, watu wanauliza ina harufu, inakaa miaka mingapi, ya nchi gani, hakuna anaeuliza hii chupa inatosha mita ngapi za ukuta.

Hesabu iko hivi. Dawa ya mchwa wa chini haipulizwi juu juu, unachimba mtaro mwembamba umegusana na msingi, upana kama sm 15, halafu unamwaga dawa iliyochanganywa lita 5 kwa kila mita moja ya ukuta, na hizo lita 5 ni za kina cha sm 30 tu, msingi ukienda chini sm 60 basi ni lita 10 kwa mita. Udongo unaourudishia nao unauchanganya na dawa, haurudi mkavu. Sasa nyumba yenye mzunguko wa mita 40 kama yangu, sio kubwa hiyo, kwa kina cha sm 30 inataka lita 200. Lita mia mbili jamani! Pipa zima. Na fipronil kwenye udongo inatakiwa iwe asilimia 0.06, maana yake ile chupa ya gramu 50 kwa lita unaweka mililita 12 kwa kila lita ya maji. Kwa hiyo chupa yangu ya mililita 100 ilikuwa inatoa lita 8 na kidogo. Lita 8 gawanya kwa 5, haifiki hata mita 2 za ukuta. Nililinda upana wa mlango mmoja na kipande cha dirisha, hizo mita 38 zingine nimezilowesha juu juu tu.

Na mchwa hahitaji mita 38. Anapita kwenye ufa ambao haufiki hata milimita 1. Wapo chini wanatafuta, usiku na mchana, mpaka waangukie sehemu isiyo na dawa, ndo maana nasema afadhali dawa ya wastani iliyomwagwa kwa lita kamili kuliko dawa bora ya kupuliza.

Basi nikipanga dawa hizi kuanzia bora kushuka chini, lebo ndo inatangulia. Kama haisemi lita ngapi kwa mita kuzunguka jengo, kama inaongelea hekta na majani tu, hiyo ni dawa ya shamba, irudishe.

Namba moja ni Termidor ya kampuni ya BASF na sitazunguka, naipenda. Nayo ni fipronil, imekuwa sokoni Marekani tangu mwaka 2000, na sababu ya kuipenda ni mbili. Ya kwanza mchwa haigundui, anapita humo humo kama kawaida yake, hafi pale pale, anachukua siku kadhaa, na katika hizo siku anarudi kwa wenzake wanalambana wanapakana, kwa hiyo hata asiyegusa udongo wenye dawa inamfikia. Ya pili lebo yake imeandikwa na watu wanaojua nyumba ni nini, inakwambia mtaro, inakwambia kina, lita kwa urefu wa ukuta, sehemu yenye zege unatoboa vipi. Ile yenye fipronil asilimia 9.1 unaweka kama mililita 6 kwa lita ya maji, nyumba yetu ya mita 40 inakula lita 1 na robo hivi. Fipronil haiyeyuki sana kwenye maji, inashikana na udongo, mvua haiibebi kirahisi. Kuna nchi haiuzwi kwa kila mtu, mpaka fundi mwenye leseni ndo anamwaga, na mimi sioni ubaya wowote, ila fundi akija uwe na hesabu yako mkononi. Akija na pampu moja ya lita 16 kwa nyumba nzima usimruhusu hata aanze. Inaua samaki na nyuki vibaya sana, kwa hiyo karibu na bwawa au mtaro unaoelekea mtoni hapana.

Ya pili naweka chlorantraniliprole, wengi wanaijua kwa jina la Altriset la Syngenta. Hii nayo mchwa haigundui, inamfunga misuli anaacha kula haraka ingawa kufa anachelewa, na kwa binadamu, mifugo na nyuki ni mpole kuliko zote nilizotaja hapa. Mwenye watoto wanaocheza chini au kuku wanaochakura uani nitamwambia achukue hii kabla ya Termidor, kweli kabisa. Kwangu imekuwa ya pili kwa sababu kuipata ni shida.

Imidacloprid ni ya tatu, ile Premise. Nayo haigunduliki, inafanya kazi, lakini inayeyuka kwenye maji kuliko fipronil kwa mbali sana, kwenye udongo wa kichanga na mvua kubwa inashuka chini inakuacha. Hapa napo kuna mtego, dukani utapewa ile ya kupulizia mboga uambiwe ni kitu kile kile, na sumu ni ile ile kweli, lebo sasa. Lebo haina neno hata moja kuhusu msingi wa nyumba, utakisia, na kukisia ndo kumenigharimu fremu.

Bifenthrin, kama Biflex, ya nne. Inashika udongo vizuri mno, lakini hii ni ya kufukuza, mchwa anaisikia anaikwepa. Ukiimwaga bila kuacha pengo hata moja inakulinda. Ukiacha pengo umemwelekeza njia. Nyumba mpya ambayo zege halijamwagwa, unaloweka eneo lote lita 5 kwa mita ya mraba kabla hawajatandika nailoni, hapo naikubali bila shida. Nyumba ya zamani yenye veranda na ngazi zilizojengwa baadae hapana.

Za bei rahisi: oili chafu, dizeli, chumvi, acha, unaharibu udongo na mchwa anarudi. Chlorpyrifos hata kama bado inauzwa sokoni kwenu usiizungushie nyumba wanayolala watoto, Marekani walikubaliana kuitoa majumbani tangu mwaka 2000. Na mtu akikuletea chlordane ati ile ya zamani yenye nguvu, hiyo ilipigwa marufuku, imo kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuzuia sumu zinazodumu kwenye mazingira.

Sasa wauzaji. Mimi nina donge nao na sitalificha, kuna hii tabia ya kumimina dawa kutoka kwenye dumu kubwa kwenda kwenye chupa za maji ya kunywa, haina lebo, haina kizibo cha maana, mtu anapeleka sumu nyumbani kwenye chupa ambayo mtoto anaijua ni maji! Ukiuliza kiwango unaambiwa kizibo kimoja kwa ndoo. Kizibo cha nini, ndoo ya lita ngapi, asilimia ngapi, hajui na anakasirika ukiuliza. Halafu hizo chupa ndogo ukipiga hesabu ya mililita unakuta umelipa zaidi kuliko aliyenunua lita nzima, yaani mwenye pesa kidogo ndo anauziwa ghali na bado haimtoshi. Kama huwezi kununua ya nyumba nzima kwa mkupuo, subiri uchange, au mnunue dumu moja na jirani, lenye lebo yake, sio nusu nusu.

Veranda na sakafu za zege zinazogusana na ukuta msizisahau, pale hakuna mtaro, unatoboa mashimo kila sm 30 pembeni ya ukuta unaingiza dawa chini halafu unaziba kwa saruji. Vaa gluvu, buti na barakoa. Usimwage kwenye udongo uliolowa au mvua ikiwa inakuja, wala karibu na kisima. Ukimaliza usije ukalima mchicha pale pale au kuchimbua uweke maua, unavunja ukuta wa dawa uliougharamia.

Kwangu safari hii tumemwaga lita 180, fundi anachota mimi nahesabu ndoo. Imebaki mita 4 upande wa jikoni, pale bomba lilikuwa linavuja udongo ukawa tope, nimelitengeneza juzi, nasubiri pakauke nimwage lita 20 zilizobaki.