Nilivyojifunza flashi kwa video za mtandaoni: uzoefu wangu

Napiga picha za harusi na sendofu hapa Mwanza, na karibu kila ninachokijua kuhusu flashi nimekitoa kwenye video. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza kila tukikutana ukumbini: kaka, hizi picha zenye mwanga wa pembeni umejifunzia wapi? Nimeona niandike kwa kirefu, kwa sababu jibu la "nenda YouTube" halimsaidii mtu. Video za flashi ziko nyingi mno, nyingine ni dhahabu, nyingine zinamaliza kifurushi chako bila kukupa kitu.

Kwa anayeanza kabisa nampendekeza Gavin Hoey, mpiga picha wa Uingereza ambaye vipindi vyake vimo kwenye chaneli ya Adorama, lile duka kubwa la kamera la New York. Ni vya bure. Nampenda kwa sababu kazi zake nyingi anazifanyia kwenye studio ndogo ya nyumbani, kwa hiyo matatizo yake ndiyo yangu: ukuta uko karibu, dari liko chini, mwanga unarudi kutoka kila upande. Pili, anatumia mita ya mwanga na kuzitaja namba zake waziwazi. Mwalimu asiyetaja namba anakuonyesha picha nzuri tu, hakufundishi. Kiingereza chake ni cha taratibu, na maandishi ya chini ya video yanamsaidia anayekwama.

Somo lililobadilisha kazi yangu ni hili: ukiwasha flashi, ndani ya picha moja kuna mianga miwili, na kila mmoja una mlango wake. Mwanga uliokuwepo tayari, yaani jua, taa za ukumbi, anga, unaupunguza au kuuongeza kwa kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaacha mwanga uingie. Flashi haiijali shata, kwa sababu inawaka na kuzima kwa muda mfupi sana. Ukiwa umeipunguza nguvu, inamaliza kazi yake chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Shata iwe 1/60 au 1/200 ya sekunde, flashi imeingia yote. Apacha, lile tundu la lenzi, inagusa mianga yote miwili, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, vilevile. Basi ukitaka uso ubaki ulivyo lakini anga liwe zito, unaongeza kasi ya shata peke yake. Ukitaka ukumbi uonekane nyuma ya maharusi, unaipunguza.

Hili nimelisoma kwa maandishi mara nyingi na halikuniingia. Kwenye video mwalimu anapiga picha ileile ya mtu yuleyule, anabadilisha shata tu, na unaona nyuma panazama giza huku uso haujatikisika. Hapo ndipo video inapoishinda karatasi, na ndiyo sababu nawaambia vijana watafute kwanza video zenye jaribio la namna hiyo kabla ya zile za mbwembwe.

Nichukue mfano wa hapa kwetu. Maharusi wengi wa Mwanza wanataka picha za jioni Capri Point au pale kwenye jiwe la Bismarck, jua likizama upande wa ziwa. Bila flashi una machaguo mawili: uso uonekane na anga liungue liwe jeupe, au anga lipendeze na maharusi wawe vivuli. Ninavyofanya sasa, kwanza naisahau flashi. Naweka ISO 100, shata 1/200, naanzia apacha ya f/8, napiga anga peke yake na kulitazama. Likiwa na rangi ninayoitaka, nzito kidogo kuliko macho yanavyoliona, siligusi tena. Ndipo nawasha flashi kwenye stendi, ndani ya mwamvuli mweupe, hatua mbili hivi kutoka kwa bibi harusi, nusu ya nguvu. Uso ukizidi napunguza nguvu ya flashi, ukipungua naisogeza karibu. Namba za kamera zinabaki palepale.

Kitu ambacho video za wenzetu hazikuonyesha ni upepo wa ziwa. Mwamvuli pale ufukweni unashika upepo kama tanga, na stendi inakwenda nao. Mimi nafunga mfuko wa mchanga kwenye miguu ya stendi na kumweka kijana aishike. Kukiwa na upepo mkali naacha mwamvuli kabisa na kutumia softboksi ndogo, lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga.

Kwa nini 1/200 na si 1/1000, wakati jua bado ni kali? Shata ya kamera nyingi ina mapazia mawili. Mpaka kasi fulani, kwa kamera nyingi 1/200 au 1/250, kuna nukta ambapo pazia la kwanza limeshafunguka lote na la pili halijaanza kushuka, na hapo ndipo flashi inawaka. Ukizidisha, pazia la pili linakuwa limeanza kufunga, na unapata mstari mweusi chini au pembeni ya picha. Kuna njia ya kasi ya juu ambayo flashi inapepesa haraka haraka muda wote mapazia yanapopita, lakini inakula nguvu nyingi, na kwa flashi ndogo ya betri nne, jua la saa tisa litaishinda. Video nyingi zinapita haraka hapa. Ukipata inayochora mapazia yale kwenye ubao, ihifadhi.

Sasa nije kwenye ngozi, kwa sababu hapa nina neno. Video nyingi nilizotazama mwanzoni zina modo mweupe, na ushauri wake ukiuchukua mzima mzima kwa ngozi zetu hautoshi. Mtu akiona uso mweusi umezama, anaongeza nguvu ya flashi. Matokeo yake paji la uso na pua vinang'aa kama vimepakwa mafuta, shavu linabaki na giza lilelile, na shela inaungua. Ngozi nyeusi hupendeza kwa mng'ao wake, yaani namna inavyorudisha sura ya taa yenyewe. Taa ikiwa ndogo, inarudi kama nukta kali. Taa ikiwa kubwa na karibu, inarudi kama utando mpana na laini unaotembea kutoka shavuni hadi kwenye taya, na uso unapata umbo. Kwa hiyo dawa ni ukubwa wa chanzo cha mwanga na pembe yake. Nguvu inakuja baadaye.

Hivi ndivyo ninavyoweka. Softboksi ya sentimita 90 au zaidi, juu kidogo ya kichwa, pembeni, karibu kadiri inavyowezekana bila kuingia kwenye fremu. Halafu siielekezi usoni. Naigeuza ipite mbele ya uso wake, ule ukingo wa mwanga ndio umguse. Katikati ya softboksi pana ukali, pembeni pana ulaini. Shela nyeupe nayo naitunza kwa kanuni moja ya fizikia ambayo walimu wote wazuri wanaifundisha: ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unabaki robo. Taa ikiwa mita moja kutoka usoni, sketi ya gauni iliyo mita mbili kutoka kwenye taa inapata robo tu ya kile uso unachopata. Uso unang'aa, na nakshi za gauni zinaonekana uzi kwa uzi. Ukiirudisha taa nyuma mita nne, tofauti kati ya uso na gauni inapungua sana, na cheupe ndicho kitaungua kwanza.

Nakuomba utafute kwa makusudi video za wapiga picha weusi, wa Nigeria, wa Afrika Kusini, wa Marekani, wanaopiga watu wa rangi yetu. Tazama wanaiweka wapi taa yao. Na ongea na mpambaji wa bibi harusi kabla: poda isiyong'aa kwenye paji la uso inakuokolea saa nzima ya kuhariri.

Ukumbini kuna habari nyingine. Karibu kila video itakuambia uelekeze flashi darini ili mwanga urudi laini. Dari liko wapi? Kumbi zetu zimefunikwa vitambaa vya mapambo kuanzia ukutani hadi juu, zambarau, dhahabu, bluu, kulingana na rangi ya kamati. Flashi ikigonga kitambaa cha zambarau, inarudi zambarau, na bibi harusi aliyetumia asubuhi nzima saluni anatoka kama mgonjwa. Ninachofanya ni kuweka flashi mbili kwenye stendi ndefu, kwenye pembe mbili za eneo la kuchezea, moja mbele upande wa MC, nyingine nyuma ya wachezaji ikiwapa ukingo wa mwanga mabegani na kwenye nywele. Nguvu ni 1/8 au 1/16 ya nguvu yote ya flashi, inatosha, na betri zinanifikisha mpaka kukata keki. Waambie watu wa video mapema mahali stendi zilipo, wasije wakazipiga teke wakirudi kinyumenyume na kamera zao.

Maharusi wakiingia wanacheza, nashusha shata mpaka 1/15. Taa za rangi zinachora mistari, flashi inamgandisha mchezaji katikati ya mistari hiyo. Ukiweka flashi iwake mwisho, pazia la pili linapokaribia kufunga, mistari inamfuata nyuma na unaona mwendo wake unaelekea wapi. Picha hizi wateja wanazipenda kupita kiasi, na zinanitofautisha na mtu wa simu aliyesimama kando yangu.

Ukishashika hayo, ule ubunifu unaosifiwa kwenye video unakuja wenyewe. Chukua jeli ya rangi ya chungwa, ile plastiki ya kuvalisha flashi, kisha iambie kamera kwamba uko chini ya balbu za njano. Uso utarudi kwenye rangi yake ya kawaida, na anga la jioni lote litageuka bluu nzito. Kipande cha plastiki kimefanya kazi ambayo wengine wanaisumbukia kwenye kompyuta. Au ingia chumba chenye giza, acha shata wazi sekunde kumi, mtu achore hewani kwa tochi ya simu, halafu piga flashi mara moja umgandishe. Mwaka 1949 mpiga picha Gjon Mili alimpiga mchoraji Picasso kwa mtindo huo huko Vallauris, Ufaransa, akichora kwa taa ndogo gizani. Mili alitumia mwanga wa flashi aliojifunza kwa Harold Edgerton wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, mhandisi aliyegandisha tone la maziwa na risasi hewani. Nilipozitazama kazi zao nilielewa kwamba flashi ni kisu cha kukatia muda, na tangu hapo nimeacha kuiona kama taa ya dharura.

Kuhusu kozi za kulipia, nilijiunga na moja ya kigeni, jina nitalihifadhi. Sehemu kubwa ilikuwa mwalimu akisimulia safari zake na kuonyesha taa ghali, na malipo yaliendelea kukatwa mpaka benki iliponisaidia kuyazuia. Kabla ya kulipa, angalia kipindi cha bure cha mwalimu huyo na ujiulize maswali mawili: anaonyesha taa imekaa wapi kwa kupiga picha ya eneo zima? Anaonyesha picha zilizoharibika kabla ya ile nzuri? Kama hapana, pesa yako ni bora inunue softboksi.

Data ni gharama pia. Mimi nashusha video usiku kwa kifurushi cha usiku, naziweka kwenye simu, halafu natazama dakika chache na kusimama, naamka kujaribu jambo hilohilo kabla ya kuendelea. Modo si lazima awe mtu. Chupa ya soda inafundisha mng'ao vizuri, na haichoki. Kwa ngozi namwomba mpwa wangu akae dirishani baada ya shule.

Kwa vifaa, anza na flashi moja ya kuweka nguvu kwa mkono. Yangu ni Godox TT600, niliyoagiza Kariakoo ikaja na basi. Haina hesabu za kujiendesha, unaiambia wewe mwenyewe kuanzia 1/1 hadi 1/128, na kwa mwanafunzi hiyo ni faida maana unalazimika kuelewa. Ina kipokezi ndani, kwa hiyo unahitaji triga moja tu, kile kifaa cha kuiwasha flashi kutoka mbali, ya kampuni hiyohiyo juu ya kamera. Hakikisha ni ya aina ya kamera yako, Canon, Nikon au Sony, kwa sababu muuzaji mwenye haraka atakupa yoyote. Nunua betri za kuchaji, seti mbili. Ongeza mwamvuli mweupe na stendi. Mchanga wa ziwa upo bure.