Kijipu cha fizi kisichouma: nilivyotibiwa mzizi wa jino hapa Iringa

Naandika kwa ajili ya mtu mwenye kijipu kwenye fizi ambacho hakiumi, kinatoa usaha kidogo, kinakauka, afu baada ya muda kinarudi palepale, na kila anayemuuliza anamwambia kama hakiumi achana nacho. Mimi nimetibiwa hicho kitu mwaka huu kwenye kliniki moja binafsi ya meno Iringa mjini, nikitokea Mafinga. Jina la kliniki sitaji, nataka mjue huduma yenyewe ikoje.

Jino langu ni gego la chini kulia, lile la kwanza linaloota mtoto akiwa na kama miaka sita, na liliwahi kuzibwa zamani. Kuna kipindi liliniuma usiku silali kabisa, afu likanyamaza lenyewe. Baadae kikatokea kijipu kidogo kwenye fizi usawa wa jino hilo hilo, ukikigusa na ulimi unasikia ladha ya chumvichumvi na harufu mbaya mdomoni. Duka la dawa walinipa amoksilini na flajili, wakanipa tena mara nyingine, na hakuna aliyesema fungua mdomo tuone. Kinakauka, vidonge vikiisha kinarudi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachoisifia hii kliniki ni kwamba dokta, dada mmoja mpole sana, alipima kwanza ndo akaongea. Aligonga meno moja moja na mpini wa kile kioo chao, akaweka pamba ya baridi kali kwenye gego. "Dada, unasikia baridi?" Sisikii kitu. Akahamia jino la jirani nikaruka pale kwenye kiti. Afu akachukua kijiti chembamba laini cha rangi ya chungwa akakipenyeza kwenye katundu ka kijipu, wala hakikuniuma, akapiga eksirei kikiwa mlemle. Kwenye picha kile kijiti kimeonekana cheupe, kimepinda kikaenda moja kwa moja mpaka kwenye ncha ya mzizi wa nyuma, na pale kwenye ncha pana kivuli cheusi cha duara kama punje ya choroko. Akanionyesha na kalamu, akasema hapo mfupa umeshaliwa.

Akanieleza hivi. Lile jino lilivyonyamaza ndo mshipa wake ulikuwa umekufa, na mshipa ukifa hausikii tena baridi wala moto, ila bakteria wanabaki mle ndani wanaendelea na kazi yao mpaka wanatokea chini kwenye mfupa. Usaha ukipata njia ya kutokea kwenye fizi haujazi presha, ndo maana hakuna maumivu. Siku ile njia ikiziba, shavu linavimba. Na vidonge havimalizi kwa sababu dawa inasafiri kwenye damu na ndani ya jino lililokufa damu haifiki, dawa anaandikiwa mtu mwenye homa au uvimbe unaosambaa, au ambaye kinga yake iko chini, na hata huyo lazima chanzo kishughulikiwe. Kwa kweli nilifurahi, maana hakuna aliyewahi kunieleza hivyo.

Akanipa njia mbili, kung'oa au kutibu mzizi, akataja bei ya zote hapo hapo. Kung'oa ni bei nafuu sana na kunamaliza tatizo siku hiyohiyo, msidharau, kama hela haipo au jino limeisha kabisa ng'oeni tu kuliko kukaa na usaha. Mimi nililitaka gego langu, natafuna kande na mahindi ya kuchoma, nikachagua mzizi.

Sasa kazi yenyewe. Alipiga ganzi ingawa jino limekufa, maana alisema fizi na pembeni pako hai, afu akavalisha jino kile kimpira chembamba linatokeza lenyewe tu, mate hayaingii na vifaa haviwezi kuangukia kooni. Alipotoboa tu ikatoka harufu, jamani, nikaisikia mimi mwenyewe niliyelala. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili na vijia vitatu, wengine vinne, na kila kijia anakisafisha na sindano ndogo ndogo zenye vishikio vya rangi, kuna kamashine kanalia tii tii tii akifika mwisho wa mzizi. Anasuuza na dawa inayonuka Jik, nikamuuliza, akasema ndiyo ni jamii ileile. Akaweka dawa nyeupe ndani akafunga kwa muda, nikarudi nyumbani Mafinga.

Hapa msikie vizuri: jino ambalo halikuwa linauma LILIUMA baada ya kuanza matibabu. Usiku ule na kesho yake lilikuwa linapwita nikiuma meno. Dokta alikuwa ameshaniambia linaweza kufanya hivyo, na akanielekeza dawa ya maumivu, kwa hiyo sikuhangaika, likapoa. Asingeniambia ningeamini wameniharibia. Aliniambia pia kwamba nikiona uvimbe umeshuka chini ya kidevu, homa, mdomo haufunguki, kumeza shida au pumzi inabana, nisisubiri siku ya apointimenti, niende hospitali kubwa saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. Na nisikitumbue kijipu na pini wala kuweka ugoro au kitunguu swaumu, vinaunguza fizi tu na chanzo kiko chini kule.

Niliporudi kijipu kilikuwa kimefunga, fizi imekuwa laini, ile ladha haipo. Akajaza vijia mpaka mwisho, picha tena, akaziba juu.

Malalamiko yangu ni haya. Apointimenti ya saa tatu naingia karibu saa sita, na mtu ametoka Mafinga alfajiri na baridi ile, hata simu ya kusema tumechelewa hakuna. Umeme ulikatika katikati ya kazi tukakaa mdomo wazi mpaka jenereta iwake. Kubwa zaidi, bei ya kofia ya jino, yaani kile kifuniko kigumu kinachovalishwa juu ya jino lote, sikuambiwa mwanzoni, nimekuja kuisikia mwishoni kabisa, na yenyewe peke yake imekaribia bei ya mzizi. Na kofia inahitajika kweli, gego lililotolewa mshipa na kutobolewa katikati linapasuka kirahisi, kwa hiyo ukienda popote uliza bei yote mpaka kofia, na uliza bima yako inabeba kipi. Mimi nililipa keshi.

Picha ya kuangalia mfupa nimepiga baada ya miezi, kivuli kimepungua ila hakijaisha, dokta anasema mfupa unajijenga taratibu na unaweza kuchukua hata mwaka, nitarudi tena. Natafunia pande zote mbili sasa. Nyota nne kati ya tano, ile moja nimeitoa kwa sababu ya bei ya kofia.