Google Fonts kwenye mizani: herufi na rangi zinavyoipa tovuti haiba

Karibuni watazamaji. Leo ninaichambua Google Fonts, maktaba ya fonti, yaani mitindo ya herufi, iliyofunguliwa mwaka 2010, ambayo haidai hata senti moja kwa kuwa fonti zake hutolewa kwa leseni huria zinazoruhusu hata matumizi ya biashara. Ninataka kujua kama inatosha kuipa tovuti ya Kiswahili haiba inayokusudiwa. Kwa ajili ya jaribio hili nimebuni ukurasa wa nyumba ya wageni ya kufikirika, iliyoko Ng'ambo, mjini Zanzibar.

Kichwa mnachokiona, "Karibu Ng'ambo", kimeandikwa kwa Playfair Display, fonti ambayo mistari yake minene hukutana na mingine myembamba kama uzi, kwa kufuata uchapaji wa Ulaya wa mwishoni mwa karne ya 18. Inaleta utulivu wa nyumba ya zamani yenye dari ndefu. Sasa ninaiondoa na kuweka Poppins, ambayo herufi zake zimejengwa kwa duara na mistari ya unene mmoja. Maneno ni yale yale, lakini mwenyeji wetu amegeuka afisa wa huduma kwa wateja. Ninairudisha Playfair, ila kwa kichwa pekee, kwa sababu nikiipunguza hadi pikseli 14 ile mistari myembamba hufifia kwenye simu. Maelezo ya vyumba nimeyaandika kwa Lora, ambayo ina mikunjo ya kalamu na bado husomeka ikiwa ndogo.

Hapa ningependa mtazame ritifaa, yaani ile alama ('), ya "Ng'ambo" kwa karibu. Katika baadhi ya fonti nilizozijaribu, ritifaa huacha pengo pana kiasi kwamba neno linaonekana kama limekatwa vipande viwili, na kasoro hiyo hutaiona kwenye sampuli za Kiingereza. Kwa bahati nzuri maktaba ina kisanduku cha kuandika maneno yako mwenyewe kabla ya kuchagua. Andikeni humo ng'ombe, ng'arisha, kisha "Tunawakaribisha", neno la herufi 15 ambalo kwa fonti pana hufurika nje ya skrini ya simu.

Kwa upande wa rangi maktaba haikusaidii sana, kazi ni yako. Mimi nimeazima kutoka kwenye kisutu, ile kanga ya arusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nilipoijaza nyekundu kwenye usuli wote, ukurasa ulipiga kelele kama bango la punguzo la bei, na utulivu wa Playfair ukapotea papo hapo. Nikaweka usuli mweupe wa chokaa, kichwa nikakipa damu ya mzee, na nyekundu kamili ikabaki kwenye kitufe kimoja tu cha "Weka nafasi".

Maandishi ya kawaida ni karibu meusi kabisa. Wabunifu wengi hupenda kijivu, wakidhani kinaleta umaridadi, lakini mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unataka maandishi madogo yatofautiane na usuli kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu chenye msimbo wa rangi #777777 juu ya nyeupe hupata 4.48 na kufeli, ilhali #767676, ambacho kwa macho huwezi kukitofautisha nacho, hupata 4.54 na kufaulu. Mimi nisingekitumia hata hicho cha pili, kwa sababu mgeni anayetafuta chumba akiwa bandarini saa saba mchana, jua likiwaka juu ya kioo cha simu, hatakiona.

Kwa fonti ninaipa maktaba hii alama nane kati ya kumi. Mbili nimezikata kwa sababu kwa fonti nyingi kila unene wa herufi unaoongezwa huongeza data ya kupakua, hivyo nimejizuia kwa unene wa aina mbili, wa kawaida na wa kukoza.