Uzoefu wangu: kukatisha MDF kwa leza Kariakoo kwa ajili ya diorama ya duka la Mangi

Nakusanya midoli ya mashujaa ya inchi 6, ile yenye viungo vinavyokunja mpaka vidole vya miguu, na siku zote nimetaka isimame mahali panapoeleweka, yaani ndani ya diorama (mandhari ndogo ya kuigiza), siyo kupangwa tu kwenye rafu. Seti zinazotoka nje ni mitaa ya New York: ngazi za chuma ukutani, mabomba ya zimamoto, matofali mekundu. Ni kazi nzuri, lakini ukishaongeza usafiri na ushuru bei inakukimbia. Halafu mimi nilitaka duka la Mangi, lile duka dogo la mtaani. Ukuta wa bloku usiopigwa plasta, bati lenye kutu, na kaunta yenye nondo na kile kitundu cha kupitishia mkate na chenji.

Kazi nikaipeleka kwenye karakana moja ya mabango Kariakoo. Kazi yao ya kila siku ni herufi za mabango, namba za nyumba, ngao za tuzo na kadi za harusi, na wanakata akriliki (plastiki ngumu kama kioo) na MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) kwa leza. Mimi niliagiza nondo za kaunta, fremu mbili za madirisha, mlango, meza ya kaunta na rafu za ndani, vyote kwa MDF ya milimita 3. Nililipa Sh 40,000 pamoja na ubao. Mchoro nilikwenda nao mwenyewe, nimeuchora kwa Inkscape, programu ya bure. Ukienda na picha ya kuchora kwa mkono wanakuchorea, ila unaongeza hela.

Kabla ya yote, amua skeli, yaani kitu cha kweli unakipunguza mara ngapi. Mdoli wa inchi 6 ni 1:12, na hii kwa Dar ni raha kubwa kwa sababu mafundi wetu bado wanaongea futi na inchi. Futi moja ya kweli ni inchi moja ya diorama. Mlango wa futi 7 kwa 3 unakuwa inchi 7 kwa 3, hakuna kikokotoo wala mabishano. Kampuni ya midoli ya Hasbro walipoanza na mdoli wa askari G.I. Joe mwaka 1964 alikuwa wa inchi 12, yaani 1:6. Chumba cha futi 10 tu kwa mdoli wa ukubwa ule kinakula inchi 20 za meza. Mwaka 1982 wakamrudisha akiwa wa inchi 3.75, ambayo ni kama 1:18, na hapo hata kambi nzima ikaenea sakafuni. Kwa nyumba za kupanga, 1:12 ndiyo ninayoishauri: uso wa mdoli unaonekana na duka zima linakaa juu ya stuli.

Sasa nondo. Kwenye mchoro nilikuwa nimeziweka milimita 1, kwa sababu nondo ya nusu inchi ukiigawa kwa 12 unapata hapo hapo. Kijana anayeendesha mashine akaukuza mchoro kwenye kompyuta, akanionyesha mstari mmoja kwa kidole. "Kaka, hii ya milimita moja leza itaila yote, utabaki na majivu. Weka hata mbili." Akanikatia kipande cha majaribio kwenye bao la mabaki, cha milimita 1, 1.5 na 2, bila kunidai. Ya 1 ilikatika nikiiokota. Ya 1.5 ilitoka nyeusi pande zote. Ya 2 ilisimama imara na pembe zake zikiwa kali. Kwa macho nondo zimenenepa kidogo kuliko za mtaani, lakini zikishapigwa rangi ya kijivu na kutu kidogo kwenye maungio, hakuna anayelalamika. Kwa hili peke yake nawapa heshima yao. Fundi anayekuambia ukweli kabla hajachukua hela yako ni wa kushikamana naye.

Kilichoniudhi kilikuja baadaye. Nilipofuata mzigo nikakuta fremu na rafu zimekatwa kwenye MDF ya milimita 6. Sababu: ya 3 iliisha, wakaona waendelee. Hawakupiga simu. Kwa bango la namba ya nyumba haina shida, lakini diorama inaungwa kwa ndimi na matundu: kipande kimoja kina ulimi unaochomekwa kwenye tundu la kingine. Tundu nililichora la milimita 3, ulimi wa 6 unaingiaje? Pia rafu ya milimita 6 kwa skeli hii ni sawa na ubao wa karibu inchi 3, hakuna Mangi mwenye rafu ya namna hiyo. Walikubali kosa bila ubishi na wakarudia bure, nasema hivyo kwa haki. Lakini nilisubiri mpaka ubao mpya uletwe, na kurudi Kariakoo kwa daladala jioni ni kazi nyingine.

Ubora wa kipande chenyewe ni mzuri sana. Ukichomeka ulimi kwenye tundu unasikia umekaa, hata gundi unaweza kuiacha mpaka umalize kupanga. Kingo zinatoka na rangi ya kahawia iliyoungua na harufu ya moshi. Pitisha msasa laini, na usisahau kupaka gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kwenye kingo zote kabla ya rangi. MDF ikinywa unyevu inavimba kuanzia kingoni, na hali ya hewa yetu, hasa masika, haina huruma.

Kuta usikatishe kwa leza. Ni kupoteza hela, maana MDF iko laini mno, haina sura ya bloku. Kuta nilitumia foam ya kufungashia friji. Bloku ya kwetu ya inchi 18 kwa 9 inakuwa inchi moja na nusu kwa robo tatu ya inchi. Unachora mistari kwa rula, unaididimiza kwa biro iliyoisha wino, halafu unagonga uso mzima kwa jiwe dogo la kokoto mpaka upate yale mashimo ya simenti. Juu yake gundi iliyochanganywa na mchanga uliochekechwa, kisha rangi ya maji. Rangi ya kopo ya kupuliza isiguse foam iliyo wazi, inaiyeyusha mbele ya macho yako.

Bati nalo nalisifu, ingawa halikuwa la karakana. Mgongo mmoja wa bati la kweli mpaka mwingine ni kama milimita 76. Gawa kwa 12 unapata kama milimita 6. Boksi jembamba la biskuti lina mikunjo inayokaribia hapo kabisa. Lilowanishe, bandua karatasi ya juu taratibu, liache likauke, paka gundi, kisha kijivu, kisha kahawia kwa sponji kufuata mteremko wa maji ya mvua. Kutu haikai popote tu: inaanzia kwenye misumari na kwenye miisho ya bati.

Kama unamjengea mtoto, habari inabadilika. Foam inabomoka ndani ya wiki. Hapo jenga kuta pia kwa MDF, hata ya milimita 6, acha paa liwe la kufunguka, na nondo zikatishe za milimita 3. Mpwa wangu anataka shujaa avunje mlango kila siku, na mlango wa leza wenye bawaba ya waya umestahimili.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopungua ni ya ile simu ambayo haikupigwa. Ukienda, andika unene wa ubao ndani ya mchoro wenyewe kwa herufi kubwa, omba kipande cha majaribio, lipa nusu kwanza na uchomeke vipande viwili vitatu pale pale kaunta kabla ya kumalizia. Mimi narudi kwao na mchoro wa ngazi na balkoni ya ghorofa la zamani la Kariakoo, na safari hii ubao wa milimita 3 nakwenda nao mwenyewe.