Ramani za idadi ya watu za WorldPop na GRID3, nilivyozitumia hapa Goma: nazipa 7 kwa 10

Naanza na jibu juu najua wengi hawana mega za kusoma mpaka chini. Hizi ramani ni za bure, zinafaa, na kama uko kwenye komite ya maji, ama kanisa lenu linataka kujenga shule, ama unasaidia kituo cha afya kupanga chanjo, zishushe. Ila usichukue namba yake ukaipeleka moja kwa moja kwenye proje, hapo utaumiza watu.

WorldPop inatoka chuo kikuu cha Southampton kule Uingereza, ilianza 2013. Wanakata nchi yote katika miraba midogo ya karibu mita 100 kwa 100, kila mraba wanauandikia watu wangapi wanalala pale, na ukitaka unapata kwa umri na kwa jinsia. GRID3, mpango mwingine wa ramani, wao wanatoa vitu vinavyoendana na hiyo: makazi, vituo vya afya, mipaka ya zoni za afya na aire zake (vipande vidogo ndani ya zoni), na hapa Kongo wamefanya kazi na wizara ya afya. Unafungua vyote na QGIS, programu ya bure pia, inakubali hata kwa ordinateri ya kizamani mradi uwe na subira.

Sasa mtu ataniuliza, kwani sisi hatujui tuko wangapi mpaka tuulize Uingereza? Ndugu, sensa yetu ya mwisho ni ya 1984. Nchi ilikuwa inaitwa Zaïre, tulikuwa kama milioni 30, na hata provensi ya Kivu ya Kaskazini haikuwepo, ilizaliwa 1988 Kivu kubwa ilipogawanywa tatu. Leo Umoja wa Mataifa unatuhesabu zaidi ya milioni 100. Namba nyingi unazoona ukutani kwenye mabiro mzizi wake ni ileile 1984, wameisukuma mbele kwa asilimia fulani kila mwaka, na hiyo asilimia ndiyo yenye hatari. Chukua watu 100 wa 1984, waongeze 3% kila mwaka, baada ya miaka 40 unapata 326. Weka 4%, unapata 480. Pointi moja tu imebadilika, na kati ya hizo namba mbili kuna mashule, mabomba na wauguzi ambao ama wapo ama hawapo.

Tena Goma haikui kwa asilimia hata kidogo, inakua kwa mishtuko. 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia mamia kwa maelfu ndani ya siku chache, na kolera ikaua watu makumi ya maelfu. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ikashuka mpaka katikati ya mji ikafika ziwani, watu wakajenga upya juu ya mawe yaleyale. Mei 2021 ikashuka tena, kartie (mitaa ya mji) 10 kati ya 18 zikaambiwa zihame, watu kama 400,000 wakatoka, wengine Sake, wengine Rwanda, wengine kwa boti mpaka Bukavu. Kuanzia 2022 vita vikajaza kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, bashi (turubai) juu ya bashi mpaka huoni jiwe, halafu mwanzoni mwa 2025 zile kambi zikavunjwa na watu wakatawanyika. Sasa niambie ni asilimia gani ya ukuaji inaweza kubeba hayo yote. Ndiyo maana kwangu swali la kwanza siyo "watu wangapi", ni "namba hii ni ya mwezi gani". Mpangaji ambaye haulizi hilo, mimi simwamini.

Turudi kwa ramani zenyewe. Za WorldPop kuna toleo mbili na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Moja inatawanya watu kila mahali penye nchi kavu, kwa hiyo utakuta watu kidogokidogo hata ndani ya msitu wa Virunga na juu ya lava ambapo hakuna hata kibanda. Nyingine, ile imeandikwa constrained, inawaweka watu pale tu ambapo majengo yameonekana kwa satelaiti. Kwa mji kama wetu chukua hiyo ya pili, achana na ile ya kwanza kabisa.

Lakini na hiyo ya pili, satelaiti inaona bati, haioni watu. Nilichukua miraba ya upande wa Ndosho na mingine ya Himbi karibu na ziwa, nikaenda kuilinganisha na kaye (daftari) ya shefu wa avenyu, yule mkubwa wa barabara anayeandika wakaaji. Ndosho nyumba za mbao zimebanana juu ya mawe, bati limeunganishwa na bati, kutoka juu ni kama jengo moja. Papa shefu akanionyesha kwa kidole: "Mwanangu, wewe unaona nyumba moja, mimi naona milango minne, na kila mlango uko na mbabula yake." Ni kweli kabisa, mbabula nne, majiko ya makala, zilikuwa pale nje, mama mmoja anapika sombe, mwingine anawasha makala. Upande wa Himbi nyumba kubwa yenye bati refu, ndani familia moja na sentineli (mlinzi). Kwa bati hizo nyumba mbili zinafanana, kwa watu haziko hata karibu. Kwa hiyo ramani inapunguza kule kwenye watu wengi na kuongeza kule kwenye watu wachache, na wanaopoteza ni walewale wenye shida ya maji.

Kuna njia nyingine ambayo naona ni bora: kwenda chini kwanza, kuhesabu nyumba zote katika sehemu ndogo zilizochaguliwa, halafu ndiyo kutumia majengo ya satelaiti kukisia sehemu zilizobaki bila kutegemea sensa. Ilianzia provensi za magharibi, Kinshasa, Kongo Central, Kwango, Kwilu na Mai-Ndombe, kwa hesabu za 2017 na 2018. Mashariki hapa tunahama kuliko mtu yeyote, tungehitaji hiyo mara nyingi kuliko wao. Hapo ndipo nimekata pointi.

Pointi nyingine nimekata juu ya mchana na usiku. Miraba inahesabu pa kulala. Ukitaka kujua vyoo vingapi vinahitajika soko la Virunga ama Petite Barrière, mpaka wa Rwanda, ambako watu wanapita maelfu kila siku kwenda Gisenyi na kurudi, hii ramani haitakusaidia, simama pale uhesabu.

Inasaidia sana wapi? Kugawa. Kujua kartie hii ni nzito kuliko ile, na mji unakimbilia upande gani. Chukua mfano wa eneo la watu 5,000. Kanuni za Sphere, zile mashirika ya msaada wanafuata, zinataka lita 15 kwa mtu kwa siku na watu wasiozidi 250 kwa robine (bomba la kuchotea maji) moja: hapo ni lita 75,000, yaani bidoni 3,750 za lita 20, na robine 20. Kama kweli wako 7,000, robine zinakuwa 28, na zile 8 zilizokosekana ndizo zinatoa mama nyumbani saa kumi ya usiku.

Na chanjo vilevile. Ukiona aire ya afya inaripoti imechanja zaidi ya 100% ya watoto, mara nyingi siyo kazi ya ajabu, ni idadi ya watoto iliyowekwa ndogo toka mwanzo, na jirani yake anayeonekana 60% labda amepewa watoto ambao hawako kwake tena. Dozi zinafuata namba, hazifuati watoto. Katika nchi ambayo karibu nusu ya watu wako chini ya miaka 15, hilo kosa linaangukia watoto moja kwa moja.

Ushauri wangu kwa anayeanza: faili la Kongo nzima ni zito, shusha usiku rezo ikiwa nyepesi, kata Goma na teritwari ya Nyiragongo, weka juu yake mipaka ya aire za GRID3. Halafu chagua avenyu chache za aina tofauti, nenda na papa shefu na mama wa relai kominiteri (mjitolea wa afya wa mtaa), hesabuni milango siyo bati. Uwiano mtakaoupata ndio mrekebishe nao miraba mingine inayofanana. Andikeni tarehe juu ya karatasi, kwa kalamu kubwa, na ikitokea watu wamehama ama wameingia, rudieni zile avenyu tu, siyo mji wote.