Mkeka wa joto wa kuoteshea vijiti vya mtini (mti wa tini): nyota nne

Kwenye baridi, kipandikizi cha mtini, yaani kijiti kilichokatwa ili kioteshwe mizizi, hukwamishwa na ubaridi wa udongo, si wa hewa. Mkeka huu wa umeme umenitatulia hilo: vikombe vyangu vinakaa kwenye nyuzi joto 21 hadi 25 za Selsiasi, na mizizi myeupe inajitokeza kabla majani hayajamaliza akiba ya chakula ya kijiti. Nimeotesha Chicago Hardy, aina ya mtini inayostahimili baridi, kwa vijiti vya unene wa penseli vilivyokatwa mti ukiwa umelala, yaani umepumzika bila majani.

Kasoro yake kubwa ni kukosa kidhibiti joto. Bila kipimajoto utachemsha mizizi. Halafu udongo wa juu ukikauka usikimbilie maji. Inua kikombe kwanza, kikiwa kizito kiache, maana kijiti kikilowa sana huoza. Waya nao mfupi mno, jamani!