Pampu ya joto yenye kasi inayobadilika: misimu miwili ya baridi nikiwa nayo

Mama alipokuja kutoka Tanga Januari 2025, kitu cha kwanza alichofanya baada ya kuvua koti ni kushika redieta ya sebuleni, lile bamba la chuma lenye maji ya moto linalopasha chumba. Akanigeukia. "Mwanangu, mbona vuguvugu tu? Moto umekatika?" Nikamwonyesha kipimajoto cha ukutani: nyuzi 20 na nusu. Nje zilikuwa nyuzi 2 na ukungu. Hakuamini, lakini usiku ule alilala bila kuomba blanketi la pili.

Hilo vuguvugu ndilo ninalotaka kulieleza, maana kulielewa kulinigharimu msimu mzima na bili zilizoniumiza. Najua wenzangu wengi mlioko Uingereza mnafikiria kung'oa boila ya gesi (mtambo unaopasha maji ya redieta kwa moto) na kuweka pampu ya joto, kwa sababu serikali inachangia pauni 7,500 kwa walioko England na Wales. Kabla hujasaini, soma hadi mwisho.

Naishi Leeds, nyumba ya miaka ya 1930, kuta za matofali zenye nafasi katikati iliyojazwa sufi ya kuzuia joto. Novemba 2023 nilifungiwa pampu ya kilowati 8 inayotumia gesi ya R290, yaani propeni, ambayo haiunguzwi bali inazunguka ndani ya mashine kubeba joto, kama gesi ya friji. Inakaa nje nyuma ya jiko, inavuta joto kutoka kwenye hewa, inalipeleka kwenye maji, na maji yanazunguka kwenye redieta za nyumba nzima. Mashine yenyewe sina ubaya nayo. Tatizo lilikuwa namna ilivyosetiwa, na namna mimi nilivyoitumia.

Nilikuwa naiendesha kama boila. Naizima saa nne usiku, naiwasha saa kumi na moja alfajiri, chumba nisichokitumia nafunga vali ya redieta. Fundi wa kampuni iliyonifungia alikuwa ameiweka maji yatoke na nyuzi 55 daima, liwe jua au theluji, ili nisimpigie simu kulalamika baridi. Januari ile ya kwanza pampu ilikula uniti 1,020. Kwenye kioo chake iliandika kwamba kwa kila uniti moja ya umeme ilinipa uniti 2.6 za joto. Ukisikia 2.6 unaona ni faida kubwa, lakini hapa uniti ya umeme inauzwa karibu mara nne ya uniti ya gesi. Ukiweka na kile ambacho boila inapoteza kwenye bomba la moshi, pampu inatakiwa ifike kama 3.5 ndipo ulingane na gesi. Nilikuwa nalipa zaidi ya zamani na bado asubuhi nilitetemeka.

Aliyenifungua macho ni kaka mmoja Mkenya aliyejifunza ufundi wa friji na AC Mombasa, sasa anafunga pampu hizi Manchester. Nilimpata kupitia shemeji yangu. Alifika Machi 2024, akasimama nje kama dakika ishirini anasikiliza tu. Pampu ikawaka, ikanguruma dakika sita, ikazima. Ikawaka tena.

"Dada, nani alikuambia uizime usiku?"

Nikamwambia ndivyo nilivyozoea.

"Hii si boila. AC ya inverta umeiona nyumbani? Ni mdudu yuleyule, kageuzwa."

Hapo ndipo nilipoelewa. AC ya zamani ilikuwa na mambo mawili, kunguruma au kunyamaza. Ya inverta inaanza kwa nguvu chumba kikiwa cha moto, halafu inashusha pumzi na kubaki inanong'ona. Pampu yangu hali kadhalika. Umeme wa ukutani unakuja na mtetemo wa hezi 50 usiobadilika. Ndani ya mashine unageuzwa kuwa mkondo mnyoofu, kisha unatengenezwa upya kwa mtetemo wowote inaoutaka kompresa, ile injini inayoibana gesi. Mtetemo ukipanda kompresa inakimbia, ukishuka inatembea. Wakati huohuo kuna vali ndogo ya kielektroniki inayopima hiyo gesi ya ndani ipite kiasi gani, na pampu ya kuzungusha maji nayo inabadilisha mwendo wake, ili maji yanayorudi kutoka kwenye redieta yawe yamepoa kwa kama nyuzi 5 tu.

Sasa, kompresa inajuaje ikimbie au itembee? Hilo sikuliona popote kwenye karatasi nilizoachiwa. Nje, upande usiopigwa na jua, kuna kihisi cha joto. Kidhibiti kinasoma hali ya hewa, kinaangalia mstari uliowekwa ndani yake, na mstari huo unakiambia: leo nje ni nyuzi kadhaa, basi maji yawe nyuzi kadhaa. Kisha kinalinganisha na maji yanavyotoka kweli. Yakipungukiwa, kasi inaongezwa. Yakizidi, kasi inashushwa. Kasi ikishafika chini kabisa na maji bado yanazidi, ndipo inazima. Anayepika wali kwa mkaa anaijua kazi hii: unaongeza makaa, unayatawanya, unayapunguza, kulingana na sufuria inavyokuambia. Boila yangu ya zamani ilikuwa ni kuwasha moto mkubwa na kuumwagia maji, kutwa nzima.

Yule kaka alifuta nyuzi 55. Akaweka mstari mpya: nje ikiwa hasi 3, maji nyuzi 45, nje ikiwa 15, maji 28. Akafungua vali za redieta zote, akanikataza kuzigusa. Akaniambia niiache mchana na usiku, na kama nyumba inazidi joto nishushe mstari kwa nyuzi moja, nisubiri siku mbili, nishushe tena, mpaka mtu wa kwanza nyumbani alalamike. Nilifika 42 kwa ile hasi 3.

Kwa nini inalipa? Kila nyuzi moja unayoyapunguzia maji, ufanisi unapanda kwa takriban asilimia 2 hadi 3. Kompresa inasukuma joto kupandisha mlima. Ukiufupisha mlima, inachoka kidogo. Januari 2025, Mama akiwa kwangu na nyumba ina joto saa zote 24, ilikula uniti 736. Kioo kikaandika 3.6. Nilikaa jikoni nikaangalia mita mara mbili.

Kuizima usiku kulinidanganya sana, kwa sababu inaonekana kama kubana matumizi. Kuta zinapoa, na alfajiri, saa ambayo nje ni baridi kuliko zote, kompresa inalazimika kukimbia kwa kasi yake ya juu kupasha nyumba nzima. Ndipo inapokula umeme na ndipo inapopiga kelele. Siku hizi nashusha nyuzi moja usiku, basi.

Mapungufu yapo na nitayasema. Kubwa ni ukubwa wenyewe. Hesabu ya nyumba yangu ilionyesha inahitaji kilowati 6.1 siku ya baridi kali, nikafungiwa ya 8. Mashine hii haiwezi kushuka chini ya kama kilowati 3. Nje ikifika nyuzi 10 nyumba inahitaji 2.6 tu, kwa hiyo hata kwa mwendo wa chini kabisa inawaka na kuzima. Ndiyo maana redieta zote lazima ziwe wazi: maji mengi yanachelewa kupata moto, na mashine inapata muda wa kukimbia vizuri kabla ya kusimama. Usikubali fundi akuambie "kubwa ni salama zaidi." Muulize inashuka hadi kilowati ngapi.

La pili, menyu ya mstari wa joto imefungwa kwa namba ya siri ya mafundi; bila yule kaka nisingeufikia. Mwenye nyumba anaachiwa kitufe cha joto na kalenda ya saa, yaani vile vitu viwili ambavyo hatakiwi kuvichezea. Hili linanikera mpaka leo.

Siku za nyuzi 0 hadi 3 zenye unyevu, barafu inaganda kwenye mapezi ya nje, vile vibati vyembamba ambamo hewa inapita. Pampu inageuza mzunguko kwa dakika chache, inachukua joto kidogo kutoka kwenye maji ya nyumba na kuyeyusha. Mvuke mwingi unafuka. Mara ya kwanza nilidhani inaungua. Ni kawaida, iache.

Maji ya kuoga yanakwenda kwa zamu: vali ya njia tatu inageuza mkondo kutoka kwenye redieta kwenda kwenye tangi. Nayapasha saa nane mchana, wakati nje kuna joto kidogo, hadi nyuzi 48. Mara moja kwa wiki yanafikishwa 60 kuua bakteria wa lejionela.

Mashine naipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeinyima kwa sababu ya namba ya siri. Usetiaji wa mwanzo naupa 1. Mama alirudi Tanga mwezi wa tatu, na hadi anaondoka, kila akipita sebuleni aliigusa ile redieta kwa kiganja.